Ugonjwa wa Kuangukiana

Funguo za bweni nilizikabidhi mwezi wa saba, kumi na saba kwa hesabu, na mmoja haufungui kitu chochote. Aliyenipokea akaniuliza huu ni wa nini. Nikamwambia hata mimi nilipewa hivyo hivyo, na aliyenipa naye alikuwa hajui. Wiki mbili hazijaisha akanipigia simu, yeye na matroni wenzake wa shule za jirani wakiwa wamekaa pamoja, simu wameiweka katikati. "Mama, andika yale mambo ya wasichana kuanguka. Yakitukuta sisi tutakufa na presha."

Basi naandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, Kiswahili changu nimekimalizia jikoni na kanisani. Anayetaka sarufi akamtafute mwalimu, wako wengi na wengine hawana kazi.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la Kiingereza. Tabibu mmoja aliniandikia kwenye karatasi, nikaipoteza. Mimi nauita kuangukiana. Mmoja anaanguka, wa pili anaangukia wa kwanza, wa tatu anaangukia wa pili, mpaka bweni zima liko chini, matroni peke yake ndiye amesimama. Nimeuona mara tatu katika miaka yangu ya kazi. Mara ya kwanza haukuwa wenyewe, mara ya pili ulikuwa nusu, mara ya tatu ulikuwa wote na mimi niliuchochea. Nitaeleza kwa mpangilio huo.

Niliingia shuleni kwetu, shule ya wasichana ya bweni iliyo kati ya Ipinda na ziwa, kama mchota maji wa jikoni. Siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili asubuhi nimevaa viatu vya kanisani, nikidhani kazi ya serikali inahitaji viatu. Matroni wa wakati ule, Mama Sekela, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwanamume, aliniangalia miguu akasema, "Gwe, unakwenda kuolewa au kuchota maji?" Nikavivua. Sikuvirudia tena kazini mpaka nastaafu.

Mama Sekela ndiye aliyenitoa jikoni akanipeleka bwenini kuwa msaidizi wake. Aliona jinsi nilivyokuwa nawajua wasichana kwa sahani zao: nani habakizi, nani anabakiza, nani jana alikula na leo hakula. Akaniambia huo ndio umatroni, mengine ni kelele. Alinipa daftari la kurasa nyingi, nikaandika kila siku nani amelala kitanda gani, nani ameumwa nini, nani amepata barua au simu kutoka nyumbani. Mwandiko wangu ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Hakucheka. Alisema, "Mradi wewe mwenyewe unausoma." Mnaotumia kompyuta siku hizi, sawa, lakini kompyuta yenu haiwezi kunusa, na nitawaambia kwa nini kunusa ni muhimu.

Mara ya kwanza ilikuwa masika, mvua zetu za Kyela ambazo nguo haikauki hata ukiisihi. Asubuhi moja wasichana saba wa chumba kimoja waliamka wanatapika, vichwa vinawauma, wawili hawawezi kusimama. Bweni likajaa minong'ono ya mapepo. Mwalimu mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta biblia. Mama Sekela aliingia, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara mbili, akapiga kelele, "Fungueni madirisha! Wote nje!" Chini ya kitanda cha mwisho alikuta jiko la mkaa. Walikuwa wamelificha wakaushe sketi zao, wakafunga kila kitu, wakalala. Hewa ya mkaa ilitaka kuwaua. Walipona wote, sketi ziliungua.

Kwa hiyo ninyi mnaonisoma, msianze na mapepo, wala msianze na hilo jina la Kiingereza. Anza na pua. Nusa chumba, nusa maji, onja maharage, angalia unga kama una ukungu. Kuna watu wanaugua kweli, na ukisema wanajifanya utazika mtoto wa mtu.

Mara ya pili Mama Sekela alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye matroni. Wasichana wa kidato cha pili waligombana na wa kidato cha tatu kwa sababu ya foleni ya bafu. Asubuhi yake wa kidato cha tatu wakaanza kujikuna mpaka damu. Nikakagua mashuka, nikakuta upupu kwenye vitanda vitano. Upupu naujua, nimekulia shambani. Nikawaosha watano hao, nikachoma mashuka. Lakini mpaka saa nane mchana waliokuwa wanajikuna walikuwa ishirini na sita! Hata mpishi alikuwa anajikuna. Hata mimi, nikiwa nawakagua, mgongo uliniwasha. Nikawaambia wasimame mstari mmoja, kila mmoja apakwe dawa kali sana ambayo inauma kuliko upupu. Ilikuwa maji ya chumvi. Kumi na tisa walipona kabla sijawafikia.

Nilijisifu sana siku ile. Nikasema mimi sasa nimeujua huu ugonjwa. Hapo ndipo mtu huanza kukosea, akishajiona amejua.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa kumi, majuma matatu na siku chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Ilikuwa Jumatatu, chakula cha mchana. Msichana wa kidato cha nne aitwaye Tumpe, mpole, mwimbaji wa kwaya, alisimama na sahani yake, akapiga ukelele mrefu, akaanguka kati ya meza mbili. Anahema kama mtu aliyekimbizwa, vidole vimekakamaa kama miguu ya kuku. Wenzake wakamrukia, wanne wakamshika mikono na miguu, wengine wakaanza kulia.

Mimi nikafanya nini? Nilikimbilia kengele. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa mwembe-sindano nje ya bwalo, na ukiipiga haraka haraka maana yake ni hatari, wote njooni. Wakaja wote. Walimu, wapishi, mlinzi, wasichana mia mbili na kitu. Wakamzunguka Tumpe. Wakatazama. Kabla ya saa kumi walikuwa wameanguka sita wengine.

Jumanne tukaita akina mama wa kanisa waje kuomba. Mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa, sipingi maombi. Lakini tuliwalaza walioanguka mbele, kwenye mikeka, na wazima tukawakalisha nyuma yao wakitazama, tukaimba kwa sauti ya juu kwa saa tatu. Ilikuwa kama kufungua shule ya kuanguka na kuweka walimu saba mbele. Jioni walikuwa thelathini na mmoja.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo wageni huwa hawalioni. Kwetu mtu akifa huendi msibani kimya. Mwanamke anaanza kulia angali njiani, nyumba haijaonekana, na wa nyumbani wakimsikia nao wanaanza upya. Huyu analilia huyu, yule anamjibu. Anayefika kimya, akakaa kimya, akaondoka kimya, huyo anaangaliwa. Watu watajiuliza ana nini moyoni. Watoto wetu wamebebwa mgongoni kwenye vilio hivyo kabla hawajajua kutembea. Kwa hiyo Tumpe alipoanguka, kila msichana aliyekimbia kumshika hakuwa anajifanya. Alikuwa anafanya alichofundishwa: mwenzako akilia, nenda.

Na mmoja hakwenda.

Anaitwa Hawa, kidato cha nne, wa Bondeni pale Kyela mjini. Baba yake anavuka mpaka kununua na kuuza vitenge na sabuni, mama yake ni wa upande wa Malawi. Hawa alikuwa wa kwanza darasani na mdomo wake ulikuwa mkali kama wangu. Jumatatu ile, wenzake wamemrundikia Tumpe, yeye aliendelea kula wali wake. Msichana mmoja akamfokea, "Hawa, huoni mwenzio?"

"Namwona."

"Mbona huji kumshika?"

"Nyie wanne mmemshika. Mimi nikishika sikio ndiyo atapona?"

Maneno hayo yalizunguka bweni zima. Jumatano asubuhi hayakuwa tena maneno ya dharau, yalikuwa ushahidi. Hawa hakulia. Hawa hakuanguka. Hawa anakwenda Malawi kila likizo, anakwenda kuchukua nini? Hawa atakuwa wa kwanza kwenye mtihani, wenzake wakiwa wamelala kwenye mikeka. Ikapangika vizuri kabisa. Uongo huwa unapangika vizuri kuliko kweli.

Wajumbe watatu wa wasichana wakaja ofisini kwangu. "Matroni, tunaomba umkague Hawa." Ningewafukuza. Mama Sekela angewafukuza kwa fimbo. Lakini nilikuwa sijalala siku mbili, wazazi wanapiga simu, Mkuu wa shule ananiuliza kila baada ya saa moja "Wamefika wangapi?" kana kwamba mimi ndiye ninayewaangusha. Nikaenda. Na sikwenda peke yangu. Nilikwenda na msururu wa wasichana nyuma yangu.

Nikafungua tranka lake mbele ya wote. Nguo, madaftari, sabuni. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, chupa ndogo ya kitu cheusi, kizito, kinachonuka vibaya. Ina karatasi ubavuni yenye maandishi ya Kiingereza.

Mimi Kiingereza sisomi. Wala sikuwahi kumwambia mtu shuleni pale kwamba sisomi. Barua za Kiingereza zikija nilikuwa nasema, "Iweke hapo, nitaiangalia," halafu jioni namwuliza binti yangu. Kwa hiyo nilisimama na ile chupa, macho ya bweni zima yananitazama, Hawa anasema, "Matroni, hayo ni ya..." nami nikamkata: "Nyamaza! Sijakuuliza!" Nikaiinua juu ya kichwa changu ili wote waione. Sijui kwa nini niliinua. Nilitaka waone kwamba matroni anafanya kazi.

Halafu wakaanguka wanane kwa mpigo.

Usiku huo huo godoro la Hawa lilimwagiwa maji. Alhamisi mtu alimtemea mate kwenye foleni ya uji. Nikamhamishia chumbani kwangu, akalala chini kwenye mkeka wangu, hasemi na mimi, anasoma. Wazazi waliofika kuchukua watoto wao wakasimama getini wakidai huyo mchawi atolewe kwanza. Mkuu wa shule akaamua: Hawa arudi nyumbani Jumamosi, baba yake aje amchukue, kwa usalama wake. Mtihani je? "Tutaona," akasema. Kila mtu alijua maana ya tutaona. Miaka minne ya mtoto inakwenda na maji, na aliyefungua bomba ni mimi.

Ijumaa asubuhi akaja tabibu kutoka kituo cha afya, binti mdogo, nikadhani ni mwanafunzi. Alianza na pua, nikampenda hapo hapo. Akanusa vyumba, akachukua maji, akapima damu za wasichana, akaonja maharage, akakunja uso, akasema hayaui, ni mabaya tu. Kisha akakaa na mimi.

"Mama, kuna aliyeanguka akiwa peke yake? Chooni, kisimani?"

Nikafungua daftari. "Hakuna."

"Kuna aliyeumia? Aliyepiga kichwa kwenye sementi? Aliyeng'ata ulimi?"

"Hakuna."

"Wakiondolewa kwenye watu wanapona baada ya muda gani?"

Nikafikiri. "Dakika kumi. Wakirudi, wanarudia."

Akaniambia kwamba mtu mwenye hofu anahema haraka, na kuhema haraka ndiko kunakokakamaza vidole, basi anaviona vidole vyake anaogopa zaidi. Akasema hawadanganyi, wanaugua kweli, ila ugonjwa unaingilia machoni na masikioni. Akanisimulia kwamba zamani, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, wasichana wa shule huko upande wa Bukoba walishikwa na kicheko kikasambaa mpaka vijijini, shule ikafungwa. Na kwamba Ulaya, karne za nyuma, inasimuliwa kwamba masista wa nyumba moja walilia kama paka, wote, kila siku. Nikamwuliza, "Masista?" Akasema, "Masista, Mama." Nikajisikia nafuu kidogo. Bweni langu lilikuwa bado halijafika kwenye paka.

"Lakini sababu?" nikamwuliza.

"Wamebanwa mahali. Watu waliobanwa na hawana ruhusa ya kusema, mwili unasema. Wale wa Bukoba wengine wanasema ni ukali wa shule, wengine hofu ya maisha mapya. Hakuna mwenye hakika. Mimi wa kwenu siwajui, wewe unawajua. Kabla ya Jumatatu palitokea nini?"

Akaondoka. Nikakaa na daftari. Tumpe, kitanda namba nane, juu. Sita walioanguka Jumatatu: vitanda vya safu hiyo hiyo, wote kidato cha nne. Na kitanda namba nane, chini, kilikuwa kitupu. Niliandika mwenyewe kwa mwandiko wangu wa kuku: *Ambwene, amefariki kwao Matema, malaria.*

Ilikuwa siku kumi kabla. Ambwene alikwenda nyumbani likizo fupi na hakurudi. Wasichana waliomba kwenda kuzika. Mkuu alikataa kwa sababu ya mtihani, akapeleka walimu wawili na bahasha ya rambirambi. Siku ya mazishi wasichana waliwekwa darasani wakafanya majaribio ya hesabu. Na mimi niliwaambia, nakumbuka vizuri, "Futeni machozi, mtamlilia mkimaliza mtihani." Nikalibeba godoro la Ambwene nikaliweka stoo.

Mmeona? Watoto wa Unyakyusa, wamezuiwa kulilia maiti. Kilio kile kilikuwa kinatafuta pa kutokea.

Nikaenda kwa Mkuu. Hatukuwahi kupendana, lakini tuliheshimiana.

"Mkuu, naomba gari. Wasichana waende Matema wakalie."

"Matroni, hii ni shule, si matanga."

"Matanga yako hapa wiki ya pili sasa. Ni wewe tu hujayapa kiti."

"Na wakianguka njiani?"

"Hapa wameanguka thelathini na tisa chini ya paa lako. Njiani watazidi?"

Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Naye alikuwa mtu mwenye kubanwa, matokeo ya mwaka uliopita yalimletea maneno mengi kutoka juu. Mwisho akasema, "Jumamosi, wa kidato cha nne tu, mrudi kabla ya saa kumi na mbili." Mfanyabiashara mmoja wa mpunga wa Ipinda akatukopesha lori lake.

Jumamosi saa mbili wasichana walikuwa mstarini wamefunga vitenge viunoni. Baba yake Hawa naye alikuwa amefika kwa pikipiki, ana kamba ya kufungia tranka. Hawa amesimama karibu naye. Nikasikia wasichana wananong'ona: yule naye atapanda lori? Akipanda sisi tunashuka.

Nikaingia chumbani, nikatoka na chupa.

Nimechinja kuku, nimezika mume, nimemtoa nyoka chooni kwa mkono. Hakuna lililonipa kazi kama hatua zile ishirini za kwenda mbele ya mstari.

"Hawa," nikasema, "njoo usome hii karatasi kwa sauti. Mimi siwezi. Sijui Kiingereza. Jumatano sikukisoma, na niliona aibu kuuliza."

Mstari mzima ulinitazama kama nimevua nguo. Hawa akaja. Akasoma kwa Kiingereza, halafu akasoma kwa Kiswahili, polepole, sauti haitetemeki: "Mafuta ya nyonyo. Ya kupaka nywele na ngozi ya kichwa. Usinywe. Weka mbali na watoto."

Nikavua kilemba. Mvi zangu wengi hawakuwahi kuziona. Nikaimimina ile chupa kichwani, yote. "Kama ni uchawi nimejipaka mimi. Nisubirini nianguke."

Nikasimama. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, mafuta yakanishuka shingoni mpaka kwenye gauni. Sikuanguka. Mimi si mtu wa kuanguka.

Baba yake Hawa hakufurahishwa hata kidogo, na alikuwa na haki. "Mama, mwanangu umemvua heshima mbele ya shule nzima. Leo unajipaka mafuta, unadhani yameisha?"

"Hayajaisha, Baba Hawa. Ndiyo nimeanza."

"Mimi naondoka naye."

Hawa akamgeukia. "Baba, nikiondoka leo watasema nimekimbia."

"Na ukibaki?"

"Watachoka kusema."

Mzee yule aliikunja kamba yake taratibu, akaiweka mfukoni. Akaniambia, "Namwacha mkononi mwako wewe, si mwa shule." Akawasha pikipiki.

Hawa akapanda lori. Hakuna aliyeshuka, ila walimwachia nafasi kubwa kuliko anayoihitaji mtu mmoja.

Matema tulifika saa tano. Sikuwafundisha la kufanya. Lori liliposimama barabarani, kabla hatujaiona nyumba, Tumpe alianza. Ukelele ule ule wa bwaloni, lakini safari hii ulikuwa na jina ndani yake: "Ambwene wee!" Wote wakapokea. Mama wa marehemu akatoka ndani akilia, akawakuta kwenye migomba, wakaangukiana mabegani, na huko ndiko kuangukiana kunakotakiwa. Walilia saa nzima. Hakuna aliyekakamaa vidole. Hawa alikaa pembeni kidogo kwenye mchanga, akalia kimya kimya kwa namna yake, na mama yule akamfuata pale pale alipo akamshika kichwa. "Ndaga, asante, mwanangu," akasema. "Nilidhani shule imemsahau."

Wakati wa kurudi Tumpe alikaa karibu yangu. Nikamwuliza, kwa sababu lilikuwa linanikera: "Ile chupa, ninyi mlidhani ni nini hasa?"

Akaangalia chini. "Tulijua ni mafuta, Matroni. Hawa alikuwa anatupaka sote akitusuka. Hata Ambwene."

"Mlijua? Sasa mbona mlianguka?"

"Ulipoyainua wewe, tukaona labda wewe umeona kitu tusichokiona."

Nimekaa na maneno hayo kuliko yale yote ya tabibu. Wasichana wana macho, wana pua, wana akili kuliko mimi. Wakaviacha vyote wakatumia macho yangu, na macho yangu yalikuwa hayasomi.

Jumatatu wawili walianguka tena. Sikugusa kengele. Niliwatoa mmoja mmoja kwenda kivulini, bila watazamaji, bila kushikwa miguu, nikawapa uji wenye sukari na nikakaa nao kimya. Wazima niliwapa sinia za mchele wachambue mawe, maana shuleni mchele wetu wa Kyela unaosifiwa nchi nzima hutufikia ukiwa chenga na mawe. Mkono ukiwa na kazi, jicho haliendi kutafuta nani anaanguka. Jumatano hakukuwa na kitu. Fanyeni hivyo hivyo, na waliofiwa waacheni walie mapema, hata kama kesho kuna mtihani wa Rais.

Hawa alifanya mtihani wake katika chumba kimoja na wenzake. Aliendelea kulala kwangu mpaka siku ya mwisho, kwa kupenda mwenyewe, alisema kuna utulivu. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Nikajiweka sawa kitini, maana nilidhani atanishukuru. Si nilijimwagia mafuta mbele ya shule nzima? Si nilitangaza ujinga wangu?

"Matroni," akasema, "mbona hukuuliza Jumatano ile ile? Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningekusomea kwa sauti ndogo, wasingejua."

Toka Jumatano mpaka Jumamosi ni siku tatu. Godoro lililolowa, mate kwenye foleni ya uji, baba na kamba yake. Nikainuka, nikalikunja godoro lake, nikalifunga, nikajitwika kichwani, nikambebea mpaka barabarani. Wasichana walisimama kuangalia matroni amembebea mwanafunzi godoro. Safari hii niliwaacha waangalie.